Mkunga Aliyeunyamazisha Upepo

Kila siku ya kazi ilianza hivyo hivyo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mkunga alitoka uani, buti miguuni, begi la kazi mgongoni. Alipangusa umande juu ya kiti cha pikipiki. Alijaribu breki, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatazama mafuta. Kisha alishusha pumzi ndefu, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino, akaichukua helmeti.

Pikipiki aliipenda. Helmeti aliichukia.

Watu wote walimwita Mkunga, hata mama mkwe wake. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wajawazito majumbani. Wengine waliishi karibu na zahanati. Wengine waliishi mbali, ng'ambo ya barabara kuu, kwenye machimbo ya mawe na matanuri ya matofali. Kwa miguu angemaliza siku nzima kumwona mama mmoja. Kwa pikipiki aliwaona sita.

Helmeti ile alikabidhiwa ofisini pamoja na pikipiki. Hakuna aliyemuuliza kichwa chake kikoje. Ilikuwa nzito kama sufuria ya shughuli. Pembeni ilipwaya mpaka akaijaza kitambaa. Mbele ilimbana paji la uso. Chini ya kidevu palikuwa na mwanya, ngumi inapita. Akishaingia barabara kuu na kuongeza mwendo, upepo uliingia kwa mwanya ule, ukazunguka masikioni, ukanguruma kama mashine ya kusaga. Alinguruma nao nusu saa kwenda, na nusu saa kurudi.

Jioni alirudi nyumbani na mstari mwekundu kwenye paji. Kichwa kiligonga. Masikio yalilia nziii, kama mbu aliyefungiwa chumbani.

Mume wake alikuwa fundi wa nguo. Alishonea chumba cha mbele, mlango wazi, futi ya utepe shingoni. Jioni moja alimwambia mkewe, "Leo nimeshona sketi ya mwalimu."

"Nani amekosana na mwalimu?" Mkunga aliuliza.

Binti yao wa miaka minane aliangua kicheko. "Mama! Baba amesema ameshona sketi!"

"Sasa si angesema!"

"Amesema. Halafu mama, kwa nini unapiga kelele? Tuko hapa hapa."

Walicheka wote watatu. Lakini mume alipomaliza kucheka, aliuweka mkasi chini.

"Mama watoto," alisema taratibu, akimtazama usoni ili aelewe. "Redio unaifungulia mtaa mzima. Usiku nakusemesha, huitiki. Nilidhani umenikasirikia."

"Nimechoka tu."

"Kuchoka ni kwa miguu. Hayo ni masikio."

Mkunga alijua mumewe amesema kweli, na kweli ile ilimtisha. Kazi yake haikuwa ya mikono peke yake. Ilikuwa ya masikio. Ndani ya begi alibeba kipembe cha mbao, mfano wa tarumbeta ndogo. Upande mmoja aliuweka juu ya tumbo la mama, upande wa pili sikioni, akasikiliza moyo wa mtoto. Mapigo yale ni madogo mno. Ni kama saa ya mkononi iliyofungwa ndani ya mto. Seremala akipoteza msumeno, atanunua mwingine. Mkunga akipoteza sikio, atalinunua duka gani?

Wiki ile ile jambo lenyewe likatokea.

Alikwenda kumwona mke wa mchoma matofali, mimba ya miezi minane. Alishuka kwenye pikipiki, akanawa mikono, akapima tumbo, akaweka kipembe. Kimya. Akakisogeza kushoto. Kimya. Akakisogeza kulia. Alichosikia ni upepo tu. Upepo wa barabarani ulikuwa bado unavuma ndani ya kichwa chake.

"Vipi, Mkunga?" yule mama aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

"Mapigo siyasikii vizuri," Mkunga alisema.

Ilikuwa wajibu wake kusema hivyo. Ukiwa na shaka, humwachi mama nyumbani. Gari liliitwa, mama akakimbizwa hospitali, ndugu na majirani nyuma yake wakilia kama kuna msiba. Hospitali walipima. Mtoto alikuwa mzima, anarusha mateke. Mama alirudi jioni, shinikizo la damu limepanda kwa hofu. Mumewe alimwambia Mkunga neno moja tu: "Dada, umetuua tukiwa hai."

Kesho yake Muuguzi Mkuu wa zahanati alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, ambaye hakupenda kuzungusha maneno.

"Ulifanya sawa kumpeleka hospitali," alisema. "Lakini nakuuliza, ulisikia?"

"Sikusikia, Mkuu."

"Na mwezi uliopita ulisikia vizuri?"

Mkunga alitikisa kichwa.

"Mimi sitaki kukuonea," Muuguzi Mkuu alisema. "Wewe ni mkono wangu wa kulia. Lakini mkunga asiyesikia ni hatari. Nakupa wiki tatu. Nenda hospitali wakupime masikio. Zikiisha, nitakwenda na wewe nyumbani kwa mjamzito, nikuone mimi mwenyewe. Mambo yasipokaa sawa, nitakuweka mapokezi, uandike majina ya wagonjwa."

Mkunga alikwenda akapimwa. Mpimaji alimwambia masikio yake yamechoka kwa kelele, ila hayajafa. "Ukiyapumzisha, mengi yatarudi," alisema. "Ukiendelea hivi, hayatarudi." Mkunga alishukuru, akaondoka na swali moja: atayapumzishaje, na kazi yake iko juu ya pikipiki?

Usiku mzima alitafuta jibu. Alfajiri akaamini amelipata. Adui ni helmeti. Basi ataivua.

Asubuhi alitoka kichwa wazi, kilemba kimefungwa vizuri, helmeti ameitundika kwenye kiwiko. Hakufika mbali. Pembeni mwa mtaa wao palikuwa na uwanja wa vumbi, ambapo watu walijifunza kuendesha pikipiki kwa kuzunguka matairi yaliyopangwa. Mwalimu wao alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushee. Ujana wake wote alikuwa tarishi, akipeleka barua na vifurushi kwa pikipiki. Jina lake watu walishalisahau. Wanafunzi walimwita Bi Gia, kwa kuwa kutwa nzima neno lake lilikuwa moja: "Gia! Badilisha gia!"

Bi Gia alipomwona Mkunga, aliingia katikati ya njia, akanyoosha mkono kama askari wa barabarani. Mkunga akafunga breki.

"Shikamoo, Bi Gia."

"Marahaba. Kichwa chako kiko wapi?"

"Si hiki hapa?"

"Hicho nakiona. Lakini helmeti umekivalisha kiwiko. Leo ukianguka, utaangukia kiwiko?"

Mkunga alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akamweleza yote: kelele, kichwa kuuma, mke wa mchoma matofali, wiki tatu.

"Njoo upande huu unisemeshe," Bi Gia alisema, akigeuza shingo. "Hili sikio la kushoto lilistaafu zamani, na wala halipati pensheni. Haya, endelea."

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha yeye mwenyewe akaizima pikipiki ya Mkunga, akachomoa ufunguo.

"Unajua nini kilichoua sikio langu?"

"Injini?"

"Watu wote hudhani hivyo. Ni upepo, mwanangu. Ukiwa kwenye mwendo wa mjini, husikii kitu. Ukipanda mwendo barabara kuu, upepo unapiga makelele kuliko injini, kuliko honi, kuliko mume mlevi. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo, macho hayavioni. Ndivyo vinavyosikia. Kelele ikizidi, vinalala kama majani yaliyokanyagwa. Ukivipumzisha, vinainuka. Ukivikanyaga kila siku, iko siku haviinuki tena. Vyangu havikuinuka."

"Ndiyo maana nimeivua helmeti, Bi Gia."

"Hapo ndipo ulipopotea! Ukiivua, upepo unakupiga masikio yakiwa wazi kabisa, na fuvu halina kinga. Kiatu kikikubana, dawa yake ni kutembea pekupeku kwenye miiba?"

"Hapana."

"Dawa yake ni kiatu cha mguu wako. Vaa hiyo uliyonayo, funga mkanda, leo uende polepole, usipite barabara kuu. Jioni nakuja kwenu. Mwambie bwana fundi aandae futi yake."

Jioni, kabla jua halijazama, Bi Gia aliketi kwenye chumba cha mbele, kati ya magauni yaliyotundikwa. Mume wa Mkunga alishika futi ya utepe, hajui aanzie wapi.

"Nimepima viuno vya mji mzima," alisema. "Kichwa sijawahi."

"Kichwa ni kiuno kisicho na aibu," Bi Gia alijibu. "Pitisha utepe juu kidogo ya nyusi. Upite juu ya masikio. Uzunguke nyuma, pale palipotokeza zaidi. Usibane, usilegeze. Pima mara tatu, tuchukue namba kubwa."

Fundi alipima mara tatu. "Hamsini na sita."

Bi Gia aliigeuza helmeti ya zamani, akafunua kitambaa cha ndani, akasoma lebo. "Sitini."

"Sitini!" Fundi alishtuka kama aliyekata kitambaa cha mteja vibaya. "Mke wangu, miaka yote hii umevaa kichwa cha mtu mwingine!"

"Lakini inanibana hapa mbele," Mkunga alisema, akigusa paji. "Inakuwaje kitu kikubwa kibane?"

"Swali zuri." Bi Gia alimwambia ainame, akamtazama utosini. "Vichwa havifanani. Kipo cha mviringo kama chungwa. Kipo kirefu, mbele kwenda nyuma, kama yai. Wewe ni yai. Helmeti hii imetengenezwa kwa ajili ya chungwa. Ndiyo maana mbele inakubana na pembeni inapwaya. Hata ukipewa ndogo yake, kama umbo ni lile lile, bado itakuumiza. Kwanza ukubwa, kisha umbo."

"Na kelele?"

"Kelele inaingia pale penye nafasi. Helmeti ikikukaa vizuri mashavuni na shingoni, upepo unakosa mlango. Asikudanganye mtu kwamba kuna helmeti isiyo na sauti kabisa. Ila kuna tofauti kati ya mvua ya kawaida na mvua ya mawe."

Binti yao alikuwa amejivika helmeti kubwa, imemfika mabegani. Alitikisa kichwa. Helmeti haikutikisika. "Mimi niko ndani, yenyewe iko nje!" alipiga kelele kutoka humo.

"Mnaona?" Bi Gia alisema. "Mtoto amemaliza somo."

Fundi alikunja futi yake polepole. "Nilikuwa natafuta cherehani ya pili," alimwambia mkewe. "Itasubiri. Masikio hayasubiri."

Jumamosi walikwenda dukani, Mkunga na Bi Gia. Duka lilikuwa jembamba na refu, helmeti zimepangwa ukutani mpaka kwenye dari, kama halaiki ya watu wasio na miili. Muuzaji alikuwa na maneno mengi. Alimtazama Mkunga, akashusha helmeti nyekundu yenye michoro ya moto.

"Hii hapa, dada! Ukivaa hii, upepo wenyewe unakupisha njia."

"Upepo hautazami michoro," Bi Gia alisema. "Tupe saizi hamsini na sita, zinazofunika uso wote na kidevu. Tuanzie hapo."

"Basi kuna hii ya bei ya chini kidogo." Muuzaji aliinama, akatoa nyingine chini ya meza. "Imetumika, lakini ilianguka mara moja tu."

Bi Gia aliipokea, akaigeuza. "Mwanangu, tazama humu," alimwambia Mkunga. "Ndani ya gamba kuna povu gumu. Ukianguka, povu ndilo linalopokea kishindo badala ya ubongo. Likishabonyea, halirudi. Nje utaiona nzima, kama boga lililoozea ndani. Helmeti iliyopata ajali haivaliwi tena. Na ile usiyojua ilikotoka, usiitie kichwani." Akamrudishia muuzaji. "Hii kaipandie maua."

Muuzaji aliona amekutana na mjuzi, akapunguza maneno. Alileta helmeti nne za saizi ile. Kwanza Bi Gia alitafuta alama ya ubora kwenye kila moja. Isiyo na alama aliitenga pale pale. Zikabaki tatu.

Mkunga alivaa ya kwanza.

"Tafuna," Bi Gia aliamuru.

"Nitafune nini?"

"Tafuna hewa! Mashavu yanagusa?"

"Hayagusi."

"Hiyo ni kubwa, hata kama lebo inasema hamsini na sita. Viwanda havipimi sawa. Vua."

Ya pili ilishika mashavu barabara. Mkunga alitafuna, akajing'ata shavu kidogo. Bi Gia alifurahi. Akaishika helmeti kwa mikono miwili, akaizungusha kushoto na kulia. Ngozi ya uso ilifuata pamoja nayo. Akamfunga mkanda chini ya kidevu, akapenyeza vidole viwili, havikuzidi. Kisha akasimama nyuma yake, akaivuta helmeti toka kisogoni kwenda juu kwa nguvu.

"Unaning'oa shingo!"

"Afadhali mimi kuliko lami. Haikutoka. Vizuri. Sasa kaa hapo kwenye stuli, usiivue."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nikwambie."

Zilipita dakika kumi. Mkunga akaanza kusogeza nyusi. "Bi Gia, kuna kama kidole kinanisukuma hapa kwenye paji."

"Ya chungwa hiyo. Vua. Dakika kumi kidole, saa nzima nyundo."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina mchoro hata mmoja. Ilikuwa nyepesi kuliko zote. Chini ilikuwa na mto laini unaozunguka shingo. Kioo chake cha mbele kilipofungwa, kilishika ukingo wote, hakikuacha ufa. Matundu ya hewa yalikuwa na vifuniko vya kufungua na kufunga. Mkunga aliivaa. Kelele za mtaani zikarudi nyuma hatua moja. Alitafuna, akatikisa kichwa, akavutwa kisogo, kisha akaketi kwenye stuli.

Dakika ishirini zilipita. Mteja mmoja aliingia, akapita moja kwa moja mpaka kwenye stuli, akaigonga helmeti kwa vidole.

"Hii bei gani?" alimuuliza muuzaji.

"Haiuzwi," Mkunga alijibu kutoka ndani. "Ina mwenyewe."

Yule mteja aliruka mpaka mlangoni. Muuzaji alicheka hadi akashikilia meza.

Dakika ya ishirini na tano, Bi Gia alimvua helmeti, akamtazama paji. Hapakuwa na mstari mwekundu. "Unahisi nini?"

"Sihisi kitu."

"Hicho ndicho tulichokuja kununua."

Kabla ya kuondoka, Bi Gia aliongeza vizibo vya masikio, vile laini vya sponji. Alimwonyesha namna ya kuviviringisha kwa vidole safi, kuvuta sikio juu, na kuvipenyeza vipanuke humo. Mkunga aliogopa. "Nisiposikia honi je?"

"Honi utaisikia. Kinachokatwa zaidi ni ule mngurumo. Jaribu kwanza mwendo mdogo. Na muulize askari wa usalama barabarani kama sheria inaruhusu, maana si kila mahali wanaruhusu."

Waliuliza. Iliruhusiwa. Kisha Bi Gia aliitazama pikipiki yenyewe, akaona kioo kidogo cha plastiki kilichofungwa mbele. "Na huyu ni mchawi wa pili," alisema. "Anauchukua upepo, anaurusha kwenye kidevu chako." Akatoa spana mfukoni, akakishusha kidogo kidogo, huku Mkunga akienda na kurudi, mpaka upepo ukampiga kifuani, mbali na kidevu.

Jumatatu Mkunga aliingia barabara kuu. Akaongeza gia ya tatu. Ya nne. Alikaza mabega kuungoja mngurumo. Mngurumo haukuja. Upepo ulikuwepo, lakini ulipita nje, kama mgeni asiye na mwaliko. Alisikia injini yake ikihema vizuri. Alisikia lori nyuma likipiga honi, akalipisha mapema. Siku zote alikuwa anashtukizwa na malori. Alipofika kwenye machimbo, aligundua jambo lililomchekesha peke yake: alikuwa njia nzima anaimba.

Mlio wa masikioni haukuondoka siku moja. Wiki ya kwanza ulipungua. Wiki ya pili aliusikia usiku tu. Mkunga alijiwekea na desturi: akifika kwa mama, hakurukia kipembe. Alinawa, akasalimia, akauliza habari, akayapa masikio dakika za kutulia. Nyumbani redio ilishuka. Jioni moja mumewe alinong'ona akiwa ameigeukia cherehani, "Huyu mke wangu ni mzuri jamani."

"Nimesikia," Mkunga alisema kutoka jikoni.

Fundi alijichoma sindano.

Wiki ya tatu ilifika. Muuguzi Mkuu alipanda gari la zahanati, akamfuata Mkunga mpaka kwa mwashi mmoja anayeishi nyuma ya matanuri. Mke wa mwashi alikuwa na mimba ya miezi saba. Tumbo lilikuwa kubwa. Ndugu walisema ni mtoto mnene. Walishapanga azaliwe pale pale nyumbani, kama wenzake waliotangulia.

Mkunga alinawa. Aligusa tumbo kwa viganja, taratibu. Mikono yake ikasita. Akaweka kipembe chini, upande wa kushoto. Hapo hapo moyo ukaja, tu-tu, tu-tu, safi kama kijiko kinachogonga kikombe. Muuguzi Mkuu alikuwa anamtazama usoni. Mkunga akatabasamu. Angeweza kuishia hapo. Mtihani alikuwa ameshaufaulu.

Lakini akakihamishia kipembe juu, upande wa kulia. Akasikiliza. Akafumba macho.

"Mkuu," alisema. "Una kipembe chako?"

"Ninacho."

"Tafadhali sikiliza huku kushoto. Mimi nabaki huku kulia. Tuhesabu pamoja dakika nzima. Kila mmoja kimoyomoyo."

Mwashi alisimama mlangoni, mikono ina saruji, hathubutu kupumua. Mkono wa saa ulizunguka mara moja.

"Mia moja thelathini na mbili," alisema Muuguzi Mkuu.

"Mia moja hamsini," alisema Mkunga.

Walitazamana. "Tubadilishane," Muuguzi Mkuu alisema. Wakabadilishana, wakahesabu tena. Namba zikabaki pale pale, kila moja upande wake.

"Kuna tatizo?" Mwashi aliuliza.

"Shemeji," Mkunga alimwambia, "nyumba hii ina vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Changanya saruji. Ni mapacha."

Mwashi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkewe aliangua kicheko, tumbo zima likatikisika. "Nilisema mimi! Nilisema huyu mtu ana miguu minne, mkaniambia nakula sana!"

Siku ile ile Mkunga aliwaeleza kwa nini mapacha ni vyema wazaliwe hospitali. Mwashi hakubishana. Picha ya hospitali ilionyesha watoto wawili, na yule wa juu amelala kingamo, kama gogo lililokatiza njia. Daktari akaandika, akapanga, akawaweka tayari.

Njiani kurudi, Muuguzi Mkuu alisimamisha gari kando ya pikipiki ya Mkunga. "Ile kazi ya mapokezi," alisema kupitia dirishani, "nitaitafutia mtu mwingine." Kisha akaitazama helmeti ya kijivu. "Na mwambie mumeo namhitaji zahanati, na futi yake."

Fundi alikuja, akaketi barazani. Waendesha pikipiki wote wa zahanati walipanga foleni: mtoa chanjo, mpeleka sampuli za damu, bwana afya. Bi Gia alisimama pembeni na kuwatazama utosini mmoja mmoja. "Yai! Chungwa! Yai! Wewe sijui ni nini, njoo nikutazame tena!" Mtoa chanjo aligunduliwa kuwa miaka minne amevaa helmeti ndogo kuliko kichwa chake kwa saizi mbili. Alipovaa ya kwake, aliuliza kama maisha siku zote huwa hivi.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, mapacha walizaliwa hospitali, saa nne asubuhi. Wa kwanza, msichana, alikuja mwenyewe. Wa pili, mvulana, aligoma kugeuka, amelala vile vile kingamo. Daktari alikuwa ameshanawa, chumba cha upasuaji kimeshafunguliwa. Dakika chache baadaye mvulana naye alikuwa nje, amekasirika, anadai haki yake kwa sauti kubwa. Daktari alivua glavu. "Hawa wangezaliwa nyumbani," alimwambia Mkunga, "huyu wa pili..." Hakumalizia. Alitikisa kichwa, akacheka.

Mwashi aliingia amevaa shati la sikukuu, saruji bado iko kwenye kucha. Akapewa wawili kwa pamoja, mmoja kila mkono. Alimtazama huyu, akamtazama yule, midomo inamcheza. Kisha akamgeukia Mkunga.

"Dada," alisema, "walikuwa wamejificha humo ndani wote wawili. Sisi wote tulisema ni mmoja. Ulijuaje?"

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, helmeti mkononi, paji halina mstari.

"Niliwasikia," alisema.